Nimeficha Picha za Binamu Yangu Kwenye Folda ya Waliofumba

Mpendwa mshauri,

Hili ninaloandika sijamwambia mtu yeyote, si mama, si rafiki yangu wa dawati moja, wala sijaligusa kwenye blogu yangu ambako huwa naandika mpaka habari za viatu, kwa hiyo ukiona mwandiko umepinda ujue kila mtu anapopita koridoni naitelezesha karatasi chini ya kibodi na kujifanya natafuta faili. Naomba unisaidie kabla mwezi haujaisha, na kwa nini mwisho wa mwezi nitakueleza.

Baba yangu ana studio ya picha. Ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, kina pazia la bluu la picha za pasipoti, kiti cha kuzunguka ambacho hakizunguki tena, kioo, na kitana ambacho mama amekifunga kwa kamba ili wateja wasiondoke nacho. Nyuma ya pazia kuna meza ya kompyuta na hapo ndipo kwangu. Tangu nilipomaliza shule ya msingi mimi ndiye ninayetoa picha kwenye kadi ya kamera, nazipa majina, naweka kila kazi kwenye folda yake, mwaka, mwezi, shughuli, jina la mteja, nanakili kwenye diski ya akiba, halafu nafuta kadi irudi kwenye kamera ikiwa tupu. Mtu akija akasema anataka picha ya mahafali ya mwanawe, ile ya kabla hajaota ndevu, namtolea hajamaliza kuketi. Baba ananiita Karani. Nilikuwa nalipenda hilo jina, naapa, mpaka alipokuja Jicho.

Jicho ni binamu yangu, binti wa shangazi, ananizidi umri kidogo kwa hiyo namwita dada. Shangazi alihamishiwa kazi mji mwingine akaomba binti yake akae kwetu ajifunze kazi kwa mjomba wake, na tangu hapo tunalala chumba kimoja, mimi kitanda cha dirishani na yeye cha mlangoni. Alikuja na begi moja na simu iliyopasuka kioo, na jioni ya kwanza tu akampiga picha mama akikamua shuka uani, maji yanaruka, mama amekunja uso kama anagombana na ile shuka. Baba aliishika ile simu akaitazama weee, akasema, "Huyu ana jicho." Basi, jina likakaa. Sasa mshauri, mimi nina blogu ya picha niliyoianzisha mwenyewe, napiga kwa simu ya zamani ya mama, napiga viatu vilivyovuliwa milangoni, napiga milango yenyewe, napiga kufuli, na chini ya kila picha naandika maelezo kwa lugha mbili, Kiswahili na ile ya shule, na baba ameitazama mara moja tu, akaniambia, "Umepanga vizuri." Umepanga vizuri, kana kwamba nimemwonyesha kabati.

Nilijaribu kuwa mtu mwema, usifikiri sikujaribu. Nilimkaribisha dada kwenye blogu, nikamwambia achague picha moja niiweke kama picha ya mgeni, akachagua ile aliyompiga kinyozi wa mtaa wa nyuma akimnyoa mwanawe, wote wawili wametoa ncha ya ulimi namna ileile. Picha hiyo moja ilipata maoni mengi kuliko zangu zote ukizijumlisha, na msomaji wangu wa kudumu, ambaye nashuku ni mwalimu wangu wa hesabu, aliandika neno moja tu: "Hatimaye." Dada akaniambia nisimjali huyo, ana gubu, akacheka, na mimi nikacheka, kisha nikaenda bafuni nikafungua bomba ili nisisikike.

Lakini kilichonikaa kooni ni kamera. Ile kamera kubwa ya baba mimi sikuwahi kuishika ila kuitoa kadi, na ni kweli sikuwahi kuiomba, kwa sababu mimi kuomba kitu ni kama kumeza kijiwe, nilikuwa nasubiri baba aone mwenyewe kwamba nataka. Dada aliomba juma lilelile alilofika, "Mjomba, na mimi nijaribu?" na baba akamvalisha mkanda shingoni palepale, akamrekebishia urefu, huku mimi nimesimama na kadi mkononi.

Sasa nifike kwenye kosa. Mwezi huu mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya jirani alistaafu, wakamfanyia sherehe, na baba akiwa na kazi nyingine siku hiyo akamtuma dada apige picha peke yake kwa mara ya kwanza, mimi nikafuatana naye kubeba betri na taa. Huyo mwalimu mkuu ni mama ambaye hacheki, mshauri, hata kwenye picha zetu za zamani, na ninazo zote, hakuna anayocheka. Basi katikati ya sherehe wanafunzi wake wa zamani wakajipanga mstari kwa urefu kama asubuhi za shule, watu wazima, muuguzi, mwenye duka la vipuri, dereva wa lori, wakanyoosha mikono awakague kucha. Akapita anakagua, uso mkavu, alipofika kwa dereva wa lori mwenye grisi mpaka kwenye kiwiko akampiga kofi dogo la mkono, akamwambia aende akaoshe, na lile jitu likatoka kwenye mstari kweli, likaenda bombani limeinamisha kichwa. Hapo mwalimu akacheka. Alicheka mpaka akashika nguzo, kilemba kikamwangukia begani, na dada alikuwa amepiga goti mbele yake anapiga picha moja baada ya nyingine. Na mimi nilikuwa nimesimama palepale, hatua mbili kutoka kwake, nimeona kila kitu alichoona yeye, na wala sikufikiria kutoa simu mfukoni.

Tuliporudi nikaketi kwenye meza yangu nikazifungua. Zile za kicheko zilikuwa nzuri kiasi kwamba nilisahau kuchukia kwa muda kidogo, halafu nikamsikia baba akisema na mtu simuni, "Yule mtoto wa dada yangu, acha tu, huyu atanirithi."

Kwenye kompyuta yetu kuna folda ambayo baba aliipa jina Waliofumba. Humo naweka picha mbovu, za watu waliofumba macho, waliotikisika, waliokatwa kichwa. Baba haifungui, anasema ni kama fundi kushikishwa mishono iliyofumuka, yeye huimwaga tu kila mwisho wa mwezi ili kompyuta ipate nafasi, na picha za humo hatuziwekei akiba, zikimwagwa zimemwagwa. Basi nikazikusanya picha zote za kicheko nikaziangusha humo. Zilizobaki nikazipa majina, nikazinakili kwenye diski, nikafuta kadi, kwa utaratibu wangu wa siku zote, na mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha.

Baba alipokuja akapitia, akaona mwalimu kanuna, mwalimu kakata keki kanuna, migongo ya watu, meza. Akaniuliza, "Karani, hizi ndizo zote?" Nikasema, "Ndizo zilizotoka, baba."

Mshauri, kilichofuata sikukipanga. Nilidhani atasema tu kwamba kumbe Jicho ni wa kawaida kama sisi wengine, basi, yaishe. Lakini mwalimu alikuja mwenyewe studio kuchukua picha zake, akazipekua, akauliza ile aliyocheka iko wapi, kwa sababu mume wake ni mgonjwa hakuweza kufika, na alipomhadithia kwamba alicheka mbele za watu mpaka akashika nguzo mume alikataa katakata, akasema labda alicheka mtu mwingine. Baba akaomba radhi mpaka nikamwonea huruma. Mwalimu akasema si neno, akafunga pochi yake polepole, akaondoka na picha za kununa. Dada alisema, "Mjomba, nilipiga. Haki nilipiga," na baba akamjibu kwa ile sauti yake ya chini, ambayo ni mbaya kuliko ya juu, kwamba kukosa picha ni jambo la kawaida kwa mtu anayejifunza ila kusema uongo juu yake si la kawaida. Sasa shangazi amepigiwa simu, anakuja Jumamosi kumchukua binti yake, na mipango ya kazi imekufa.

Na kamera nimepewa mimi. Baba aliiweka kwenye meza yangu akasema labda alikosea tangu mwanzo, mtu makini alikuwa naye nyumbani. Nimeingoja sentensi hiyo tangu sijui lini, na ilipokuja niliinamia kibodi nikajifanya natafuta faili. Nimepiga nayo mteja mmoja wa pasipoti, akatoka vizuri, akashukuru, akaenda. Nilifungua blogu niandike "Picha yangu ya kwanza kwa kamera ya baba", nikaandika kwa lugha zote mbili, na kwa lugha zote mbili ilisomeka kama uongo, nikafuta.

Dada hanishuku, mshauri, ndiyo inayoniua. Anajishuku mwenyewe. Usiku ananiambia labda hakubonyeza vizuri, labda alidhani anapiga kumbe hapigi, na juzi alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu akaniuliza, "Karani, wewe si ulikuwa pembeni yangu? Uliniona nikipiga?" Nikamwambia nilikuwa naangalia betri.

Sasa swali langu. Naweza kuzirudisha zile picha kimyakimya na kusema kompyuta ilizichanganya, na baba ataamini, anaiamini mikono yangu kwenye faili kuliko anavyojiamini mwenyewe, dada atabaki, mwalimu atapata kicheko chake, na hakuna atakayejua. Je, hilo si linatosha? Kwa lugha ya shule najua kuomba msamaha vizuri sana, tulifundishwa mpaka aya zake, lakini kwa Kiswahili, kwa watu wangu, nikifungua mdomo sentensi inakataa kutoka.

Nasikia kandambili koridoni, ni dada, anaburuta mguu mmoja, ninamjua. Kibodi iko pale na karatasi iko hapa na mkono wangu haujaenda kuificha. Sitaificha. Aje tu.

Nyongeza: Aliingia, akachukua chaja, akaniambia nisiandike kwenye giza nitaharibu macho, akaniwashia taa, akatoka. Karatasi hakuitazama. Ndiyo maana imekufikia.

Ni mimi,
Karani

MSHAURI ANAJIBU

Karani,

Barua yako nimeitoa mkiani mwa foleni nikaiweka mbele. Wenye ugomvi wa ndoa watanivumilia wiki hii, wao hawamwagwi mwisho wa mwezi.

Kwanza pole. Kumwonea wivu mtu wa mbali kunavumilika, unazima simu unalala. Wewe unayemwonea wivu anakoroma kando yako na asubuhi anakuazima sabuni. Na kuitwa Karani na baba yako mwenyewe, halafu mwenzako anaitwa Jicho jioni ya kwanza tu, kunauma, sitakudanganya. Baba yako ni mtu mwema asiyejua kugawa majina.

Nimemaliza kukupa pole, sasa kaa vizuri. Unasema ulingoja baba aone mwenyewe kwamba unataka kamera. Mwanangu, ulimpa baba yako mtihani bila kumpa karatasi ya maswali, halafu ukamfelisha. Dada yako hakukupora kitu, alifungua mdomo tu. Mdomo hata wewe unao, ila umeamua uwe wa kulia bafuni.

Na usiniambie habari ya kuangusha picha kwenye folda. Dada yako umempokonya siku yake ya kwanza ya kazi. Baba yako umemfanya aombe radhi kwa kosa ambalo halikutokea, kisha amwite mtoto wa dada yake mwongo. Yule mwalimu umemrudisha nyumbani hana ushahidi mbele ya mgonjwa wake, na mume mgonjwa anayetaka kuona mkewe amecheka si mtu wa kucheleweshwa. Haya yote kwa vidole viwili na kipanya.

Unauliza kama unaweza kuzirudisha kimya na kuisingizia kompyuta. Hapana. Unasema baba ataamini, na hiyo ndiyo sababu ya kutofanya hivyo. Imani yake juu ya mikono yako ndiyo uliyoitumia kuficha, sasa unataka kuitumia tena kufichua. Na mkono ambao mara ya kwanza haukutetemeka, mara ya pili utapiga na mluzi.

Kisha hiyo karatasi uliyoiacha wazi mezani. Najua ulijiona jasiri. Mimi naona msichana yuleyule wa kamera: anaweka jambo hadharani, ananyamaza, anangoja mtu aone mwenyewe. Ulitaka dada yako aisome ili mdomo wako upumzike. Bahati mbaya ana adabu, hasomi karatasi za watu. Alikuja akakuwashia taa.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye leo. Zitoe zile picha kwenye Waliofumba uzirudishe kwenye folda ya mwalimu, uzinakili na kwenye akiba, maana baba akiamua kufanya usafi mapema hata mimi sina la kukusaidia. Ukimaliza, mwite dada yako, mkalishe kwenye kiti chako wewe usimame, mfungulie aone, umwambie ni wewe. Mwambie kwa Kiswahili. Ile aya ya shule iache shuleni, nayo ni pazia tu. Sentensi ikitoka imevunjika, itoke hivyohivyo. Akikasirika mwache akasirike, na tafadhali usilie kwa sauti mpaka yeye aliyekosewa aanze kukubembeleza.

Kwa baba mwende pamoja, kabla shangazi hajapanda gari kuja. Kamera umrudishie mkononi, usiiache mezani. Adhabu atakayokupa ipokee bila kuomba punguzo. Halafu ile picha ya kicheko mpelekee mwalimu nyumbani kwake wewe mwenyewe, na akikuuliza ilikuwa wapi, mwambie ilikuwa wapi. Watoto waliomdanganya amewaona wengi, atakujua hata kabla hujaketi. Kama akikuambia unyooshe mikono akukague kucha, nyoosha.

Haya yote usiyaweke kwenye blogu. Msamaha hauombwi mbele ya wasomaji, na huyo wa "Hatimaye" tumnyime hiyo furaha.

Baadaye, hasira za nyumbani zikitulia, nenda kwa baba yako useme, "Baba, naomba unifundishe kamera." Ni maneno manne tu, hayazidi kijiwe. Anaweza kukataa, na atakuwa na haki, nawe utarudi kwenye viatu na milango yako kwa simu ya mama mpaka utakapoomba tena. Kama una jicho au huna mimi sijui, picha zako sijaziona. Ila kitana cha mama yako na kamba yake nimekiona vizuri sana, na sijawahi kufika kwenu.

Sasa weka gazeti chini uende. Na kama hujui pa kuanzia, dada yako alikaa kwenye kitanda chako akakuuliza kama ulimwona akipiga, na mpaka leo hujamjibu ukweli. Anza na hilo. Mwambie ulimwona.

Mshauri wako